Cristóbal Colón: manowari iliyokwenda vitani bila mizinga yake mikubwa

Manowari ya Hispania Cristóbal Colón ilikuwa na sehemu mbili tupu, moja mbele na nyingine nyuma. Hapo ndipo palipotengwa kwa mizinga mikubwa ya milimita 254. Meli ilijengwa na kampuni ya Ansaldo karibu na Genoa, Italia, na Hispania ikainunua mwaka 1896. Mizinga iliyoletwa ilikataliwa kwa sababu ya kasoro, na mingine haikuwahi kufika. Admirali Pascual Cervera alilalamika Madrid, lakini vita na Marekani vilipoanza Aprili 1898 aliamriwa kuvuka Atlantiki hivyo hivyo. Colón ikabaki kutegemea mizinga yake kumi ya milimita 152.

Tarehe 19 Mei kikosi cha Cervera kiliingia Santiago de Cuba, na Wamarekani wakaziba mlango wa bandari. Jumapili ya tarehe 3 Julai, yapata saa tatu na nusu asubuhi, meli zilitoka mojamoja, kwa maana mlango ule ni mwembamba. Nyingine ziliwaka moto na kupandishwa pwani. Colón, iliyokuwa na kasi kuliko zote, ilikimbilia magharibi na kuwaacha nyuma wanaoifukuza.

Hapa ndipo makaa ya mawe yalipoamua mambo, na kwangu mimi hiki ndicho kiini cha habari yote. Yapata saa saba mchana makaa bora yaliisha, wachochea moto wakabaki na makaa hafifu. Makaa ya namna hiyo hutoa moshi mwingi, majivu tele na joto kidogo. Joto likipungua, mvuke hupungua, na rafadha huzunguka polepole hata kama mabaharia wanatoka jasho la damu kule chini.

Manowari ya Marekani Oregon, iliyokuwa imezunguka Amerika Kusini yote kutoka San Francisco ili kuwahi vita hivi, ikasogea. Makombora yake ya milimita 330 yakaanza kuangukia karibu. Kapteni Emilio Díaz Moreu akaigeuza meli ufukweni, kwenye mdomo wa mto Turquino, akateremsha bendera. Meli ilikuwa karibu nzima, ila mabaharia walikwisha kufungua vali ili maji yaingie. Usiku Wamarekani walijaribu kuiokoa, ikalala ubavu.

Mabaki yake yangali pale chini ya milima ya Sierra Maestra, na wapiga mbizi huyafikia hadi leo.