Januari hadi Desemba, bila kuruka mwezi

Nikialikwa kupiga piano mbele ya watu, mwandaaji huuliza kwanza dakika. Nikimjibu kwamba nataka kupiga Das Jahr ya Fanny Hensel, yaani "Mwaka", vipande vya piano vyenye majina ya miezi, yote, kama dakika hamsini za mtunzi mmoja, simu hunyamaza kidogo. Kisha: "Basi tupigie Septemba tu, ile nzuri."

Siku hizi nakataa.

Ukitaja Mendelssohn, wengi humfikiria Felix, mtunzi wa Kijerumani. Fanny, ambaye Hensel ni jina la mumewe, ni dada yake mkubwa, aliyezaliwa Hamburg mwaka 1805 na kukulia Berlin, akafunzwa muziki sawasawa na mdogo wake. Mwaka 1820, binti akiwa na miaka 14, baba yao Abraham alimwandikia kwamba kwa Felix muziki huenda ukawa kazi, lakini kwake yeye ubaki pambo tu. Nyimbo zake sita zilitoka kwa jina la Felix, katika opasi (mikusanyo yake iliyochapwa) namba 8 na 9. Mwaka 1842 Malkia Victoria wa Uingereza alimwimbia Felix mmoja wapo, Italien, kwa kuupenda sana, na ikabidi Felix akiri kuwa mtunzi wake ni Fanny. Laiti ningekuwepo niuone uso wake!

Basi Fanny alipiga nyumbani. Jumapili, pale Leipziger Straße 3, alikusanya wageni, kwaya na wapigaji, akawa ndiye mpangaji, mpiga piano na kiongozi wa kwaya. Mwaka 1839 yeye na mumewe, mchoraji Wilhelm Hensel, walisafiri kwenda Italia na mtoto wao Sebastian. Waliona kanivali ya Roma, na huko wanamuziki vijana wa Kifaransa, Charles Gounod akiwemo, walimsikiliza kama bingwa. Waliporudi Berlin, ndipo akaandika Das Jahr, mwaka 1841: vipande kumi na viwili, kila mwezi na chake, na kimoja cha kufungia. Nakala safi aliiandika juu ya karatasi za rangi mbalimbali, Wilhelm akachora picha ndogo mwanzoni mwa kila mwezi, na beti za washairi zikawekwa kando yake. Septemba pekee ndiyo iliyochapwa Fanny akiwa hai. Mwaka mzima ulingoja hadi 1989.

Hapo ndipo ombi la mwandaaji linapoanzia, na siwezi kumlaumu, maana Septemba ni tamu kweli. Iko katika B maina, ngazi ya sauti yenye huzuni, na jina lake la pili ni "Kando ya mto". Wanakwaya watanielewa haraka: wimbo haukukaa sauti ya kwanza, umekaa sauti ya tatu, katikati kabisa, na mara nyingi anayeuimba ni kidole gumba. Juu yake noti ndogondogo zinatiririka bila kupumzika. Chini besi inatembea. Vidole vingine vinne vya mkono wa kulia vina kazi nyingi kuliko gumba, lakini havitakiwi kusikika kulizidi. Ninapoijifunza upya huanza kwa gumba peke yake, polepole, naliimba kwa mdomo huku nalipiga, ndipo naongeza maji. Anayeanza na maji huzama. Ubeti ulioandikwa hapo ni wa mshairi Goethe: mto utiririke, mimi sitafurahi tena.

Lakini huzuni hiyo inatoka wapi? Ukiisikia Septemba peke yake, ni huzuni ya mtu usiyemjua. Januari inaitwa "Ndoto", na ndani yake Fanny ametupia vijipande vya miezi ambayo bado haijafika. Vinapita kama sura za watu usingizini, huvitambui. Februari inakuja na kelele za kanivali, vidole vinakimbia, na baadaye, mwezi fulani, unasikia kitu na kujiuliza: hii nimeisikia wapi? Ukiruka mwezi, umekata uzi huo. Mpigaji naye lazima aukumbuke: vijipande vya Januari sivipigi kwa nguvu, kwa sababu ndotoni mtu hatangaziwi.

Halafu kuna tenzi. Machi inaingiza wimbo wa zamani wa Pasaka wa Kijerumani, Christ ist erstanden. Desemba inavuma katika C maina, nadhani ni theluji na upepo, mpaka inatokea C meja, ngazi ya furaha, na wimbo wa Krismasi wa Martin Luther, Vom Himmel hoch. Sisi tuliolelewa na kwaya za Kilutheri hatuhitaji mtu wa kutuelekeza masikio: mwendo ule wa noti nzito, mstari kwa mstari, tunaujua.

Mara ya kwanza nilipopiga yote, watu walishangilia hapo. Kosa lilikuwa langu: niliondoa mikono, nikainua kichwa, nikatabasamu. Mwaka ulikuwa haujaisha. Baada ya Desemba kuna ukurasa mmoja tu, tenzi nyingine, Das alte Jahr vergangen ist, mwaka wa kale umepita, na ni rahisi kiasi kwamba mwanafunzi aliyejifunza piano miaka miwili tu angeisoma. Nililazimika kuianza makofi yakiwa hayajatulia.

Sasa Desemba ikimalizika siondoi mguu kwenye pedali. Mikono inabaki palepale, macho chini, nahesabu pumzi mbili, naingia.