Ukikasimu kazi, kasimu na uamuzi wake

Wasimamizi wapya wanaopita katika mafunzo yetu huniuliza sana swali hili: nitajuaje kwamba wakati wa kumkabidhi mtu mwingine kazi yangu umefika? Wengi huuliza wakiwa wameshachelewa. Wanaondoka na mafaili kila jioni, walio chini yao wanashinda wakisubiri saini, na bado wanasema, "Nikianza kumwelekeza mtu nitapoteza muda zaidi kuliko nikifanya mwenyewe."

Kwa wiki hii moja wanasema kweli. Chukua ripoti ya kila wiki inayokula saa 2 zako. Kumfundisha mtu, kukaa naye mara ya kwanza na kusahihisha makosa yake ya mwanzo huenda kukakugharimu saa 6. Ukiishia hapo utaona ni hasara. Lakini ikifika wiki ya tatu saa hizo zimesharudi, na katika wiki 50 za kazi umeokoa zaidi ya saa 90. Ndiyo maana nashauri kazi zinazojirudia ziwe za kwanza kutoka mikononi mwako. Ile ya mara moja tu, ambayo kuieleza ni kurefu kuliko kuifanya, imalize mwenyewe.

Kabla ya kukabidhi, jiulize pia: kosa likitokea, linarekebishika? Rasimu ya barua ikiharibika huandikwa upya, kwa hiyo mpe hata anayejifunza. Malipo yakishaingia kwenye akaunti isiyo sahihi, kuyarudisha ni kazi nyingine. Hata hayo unaweza kuyakasimu, ila weka kituo cha ukaguzi kabla ya hatua ya mwisho, na hakikisha anayeomba malipo, anayeyaidhinisha na anayelinganisha vitabu na taarifa ya benki si mtu yuleyule. Nimeona wakuu waliochoka wakimwachia msaidizi mmoja mwaminifu yote matatu. Huko ni kumweka mtu mwema kwenye hatari ambayo hakuiomba.

Kuna mambo hayakasimiwi: kumpa mtumishi onyo, kumweleza kwamba mkataba wake hautaendelea, na mamlaka ambayo sheria imeyaweka kwenye cheo chako bila kuruhusu yahamishwe. Hayo yabebe mwenyewe.

Sasa nije kwenye jambo linalovunja kazi nyingi zaidi kuliko yote niliyotaja. Katika ndege yenye marubani wawili, usukani haubadilishi mikono kimyakimya. Anayeukabidhi hutamka kwamba sasa ni wa mwenzake, mwenzake hujibu kwamba ameuchukua, na wa kwanza hurudia kuthibitisha. Kauli tatu fupi, ili isitokee hata sekunde moja ambayo kila mmoja anadhani mwenzake ndiye anayeendesha.

Ofisini sekunde hiyo hugeuka kuwa majuma. Niliwahi kumwambia mwenzangu, "Shughulikia ukumbi wa mafunzo." Akaitikia. Akazunguka, akapata kumbi mbili nzuri, akaniandikia bei zake, akasubiri nichague. Mimi nilipoona ujumbe wake nikajua mambo yanaenda, sikujibu. Siku nne kabla ya mafunzo hatukuwa na ukumbi. Nilimlaumu mbele ya wenzake, na hilo linaniuma hadi leo, kwa sababu kosa lilikuwa langu. Nilimpa kazi, sikumpa uamuzi, wala sikumwambia kwamba sikumpa.

Neno "shughulikia" lina angalau maana nne. Linaweza kumaanisha: kusanya taarifa uniletee, nitaamua mimi. Au: niletee pendekezo lako, tukubaliane kwanza. Au: amua na utekeleze, kisha unijulishe. Au: ni lako kabisa, nitasikia habari zake kwenye taarifa ya mwezi. Mtu hawezi kukisia ipi unayoikusudia. Mtamkie. Mwambie pia kikomo cha fedha, tarehe, na matokeo unayoyataka, kisha mwombe akueleze kwa maneno yake alivyoelewa. Usiulize "Umeelewa?", maana jibu lake huwa ni "Ndiyo" siku zote. Halafu wajulishe wengine. Wasipojua kwamba fulani ndiye mwenye jambo hilo, wataendelea kumruka na kuja kwako.

Je, umpe nani? Si lazima awe mwenye cheo kikubwa, wala aliyekwisha kuiweza kazi yote. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa miongozo ya kuhamishia baadhi ya kazi za huduma za VVU kutoka kwa madaktari kwenda kwa wauguzi na wahudumu wa afya ya jamii. Miongozo hiyo ilisisitiza pia mafunzo, uthibitisho wa ujuzi na usimamizi wa karibu. Kumtupia mtu kazi bila hayo matatu ni kumtelekeza.

Akirudi kwako na kusema, "Bosi, kuna tatizo," hapo ndipo unapopimwa. Jibu jepesi ni "Niachie, nitaangalia." Ukishalisema, kazi imerudi mezani kwako na yeye amejifunza njia ya kuirudisha. Muulize, "Wewe unapendekeza nini?" Sikiliza, msaidie kufikiri, kisha mwache aondoke nayo. Jambo likiharibika, anayesimama mbele ya wakubwa kujibu ni wewe, kwa kuwa mamlaka hukasimiwa lakini uwajibikaji haukasimiwi. Likifanikiwa, mtaje yeye kwa jina.

Yule mwenzangu nilimwomba radhi, nikamkabidhi ukumbi tena kwa mafunzo yaliyofuata. Safari hii nilimwambia kiasi ambacho asikivuke, idadi ya washiriki, kwamba uamuzi ni wake, na kwamba Ijumaa anijulishe alichoamua. Alichagua ukumbi ambao mimi nisingeuchagua: mdogo, bila jukwaa, viti vimepangwa duara. Nilitamani kumwambia abadilishe. Nikanyamaza, na mafunzo yakafanyika humo.