Jua la Waskandinavia Katika Taroti: Sól na Mbwamwitu Aliye Nyuma Yake

Wanaokuja kusomewa taroti, yaani karata za kutabiria, wakiona karata ya Jua imetoka, hutabasamu kabla sijafungua mdomo. Wamezoea picha aliyoichora Pamela Colman Smith mwaka 1909: mtoto uchi juu ya farasi mweupe, nyuma yake ukuta na alizeti. Maana yake wengi wanaijua, yaani furaha, afya, mambo kunyooka. Ila ukishika karata zilizochorwa kwa kufuata visasili vya Skandinavia, usiibebe maana hiyo nzimanzima. Hili ni jua jingine.

Tuwekane sawa kwanza: Waviking, mabaharia wa Skandinavia ya kale, hawakuwa na taroti. Karata hizi zilianza kama mchezo kaskazini mwa Italia katika karne ya 15, na kutabiria kwazo kukashika kasi Ufaransa karne ya 18. Kuioanisha karata ya Jua, namba 19, na miungu ya kaskazini ni kazi ya wachoraji wa zama zetu. Sioni ubaya, mradi mchoraji awe amezisoma simulizi zenyewe.

Humo, Jua ni mwanamke, Sól, na Mwezi ni ndugu yake wa kiume, Máni. Baba yao aliwapa majina hayo kwa majivuno. Miungu ikachukia, ikawapeleka angani wakafanye kazi. Sól anaendesha gari la farasi wawili, Árvakr na Alsviðr, na chini ya mabega yao imewekwa mivukuto ya kuwapoza. Mbele ya jua imesimama ngao, Svalinn, ambayo ikianguka, milima na bahari vitaungua. Nyuma anakuja mbwamwitu Sköll. Ndiyo maana katika maandishi ya Snorri Sturluson, Mwaislandi wa karne ya 13, jua huenda mbio kama anayehofia kifo.

Kwa hiyo mtu akiuliza habari za biashara au ndoa, simwambii mambo ni shwari. Namwambia yanakwenda, na yanakwenda kwa sababu kuna mtu hajasimama kupumzika. Kisha namuuliza: ngao yako ni ipi? Nini kinakuzuia usiwaunguze walio karibu nawe? Swali hilo hufungua mazungumzo kuliko lile la mbwamwitu, maana adui kila mtu anamjua wake.

Likitoka kichwa chini, vitabu vingi vitakwambia furaha imechelewa. Mimi huona hapo gari la jua la Trundholm, lililopatikana Denmark mwaka 1902, kazi ya mafundi walioishi zaidi ya miaka 2,000 kabla ya Waviking. Ni farasi wa shaba anayevuta sahani iliyopakwa dhahabu upande mmoja tu. Upande wa pili, kwa maelezo yanayokubalika na wengi, ni jua la usiku likirudi mashariki. Basi karata iliyopinduka naisoma hivyo: jua halijazimika, liko safarini, na kulisukuma hakusaidii.

Mwisho wa dunia, Ragnarök, mbwamwitu atalimeza jua. Lakini kabla ya hapo Sól atakuwa amezaa binti, naye ataishika njia ya mama yake. Wachoraji wengi huliacha hilo, na kwangu ndilo zito kuliko yote. Jua likikaa jirani na karata ya Hukumu, namba 20, siongelei tena furaha. Nauliza nani, nyumbani au dukani, ameshafundishwa kushika hatamu.