Stopuwachi inavyofanya kazi, na inavyomsaidia kocha mazoezini

Stopuwachi ni saa isiyojua sasa hivi ni saa ngapi. Inachojua ni muda uliopita kati ya kubonyeza na kubonyeza: ukianza inahesabu, ukisimamisha inaganda. Mwalimu wa michezo wa shule yoyote ya Mtwara au Lindi anaweza kuining'iniza shingoni mwaka mzima bila kuirekebisha, na bado ikampa kipimo sahihi.

Za zamani zilikuwa za kamani. Unazitia ufunguo, kamani inasukuma magurudumu, na kigurudumu kimoja kinachokwenda na kurudi ndicho kinachogawa muda katika vipande vilivyo sawa. Nyingi zilipiga mara 5 kwa sekunde, kwa hiyo mshale ulisogea kwa sehemu moja ya tano ya sekunde na hapakuwa na namna ya kusoma kitu kidogo kuliko hicho. Mwaka 1916 kiwanda cha Heuer cha Uswisi kilitoa ya kusoma sehemu moja ya mia, lakini hiyo haikuwa saa ya mwalimu wa shule.

Hii ya plastiki tunayoiona viwanjani leo ni ya betri. Ndani yake mna kipande kidogo mno cha fuwele ya kwatsi, ambacho kikipitishiwa umeme hutetemeka mara 32,768 kwa sekunde. Namba hiyo haikuokotwa: ni 2 kwa kipeo cha 15. Sakiti inaigawa nusu kwa nusu mara 15, na mwishoni unapata mpigo mmoja kwa sekunde. Saa ya kawaida ya namna hii hukosea kama sekunde 15 kwa mwezi mzima. Katika mbio ya dakika 5, kosa hilo halifiki hata sehemu mbili za elfu moja za sekunde. Kwa hiyo ukisikia watu wanabishana kwamba saa ya fulani ni mbovu, mara nyingi saa inasingiziwa tu. Mwenye makosa ni kidole.

Jicho lione, ubongo uamue, kidole kibonyeze: safari hiyo inachukua kama sehemu mbili za kumi za sekunde. Mtu atasema si neno, maana ukichelewa mwanzoni utachelewa na mwishoni, basi vinafutana. Havifutani. Mwanzoni unashtukizwa, mwishoni unamwona mkimbiaji anakuja na kidole chako kinamsubiri pale mstarini. Unachelewa kuanza lakini huchelewi kusimamisha, na muda unatoka mfupi kuliko ulivyokuwa. Saa ya mkono humpendelea mkimbiaji. Ndiyo sababu wanaolinganisha muda wa mkono na ule wa mitambo huongeza sekunde 0.24 kwenye mita 100 na 200, na 0.14 kwenye mita 400.

Kuna kosa la pili ambalo kwenye mashindano ya shule ni kubwa zaidi, nalo ni kuanzisha saa kwa kusikia filimbi. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Mpuliza filimbi yuko mwanzo wa mita 100, wewe mwenye saa uko mwisho. Sauti inakufikia sekunde 0.3 baadaye. Kwa kijana anayekimbia mita 8 kwa sekunde, umempa zawadi ya karibu mita mbili na nusu. Dawa yake ni rahisi: mwanzishaji ashushe kibendera au mkono wakati anapuliza, na wapima muda waangalie, wasisikilize. Penye bastola, wanaangalia moshi wake.

Kanuni za riadha zinalijua tatizo la kidole, ndiyo maana haziamini tarakimu ya pili baada ya nukta kwenye saa ya mkono. Muda wa mbio za uwanjani hupandishwa hadi sehemu ya kumi inayofuata: 10.11 huandikwa 10.2. Wapima muda wa mshindi huwa watatu. Tuseme uko uwanja wa Nangwanda Sijaona, fainali ya mita 100, na walimu watatu wana 12.31, 12.48 na 12.39. Baada ya kupandisha unabaki na 12.4, 12.5 na 12.4. Wawili wamekubaliana, muda rasmi ni 12.4. Wangetofautiana wote, ungechukuliwa wa katikati. Saa zikiwa mbili tu na hazilingani, unachukuliwa ule mrefu. Na kinachosimamisha saa ni kiwiliwili kufika mstarini. Mkono ulionyooshwa mbele hauhesabiki, kichwa hakihesabiki, na yule kijana anayejirusha chini amejichubua bure.

Hata rekodi ya dunia ya Filbert Bayi ya mita 1500, aliyoiweka Christchurch mwaka 1974, iliandikwa dakika 3 na sekunde 32.2. Sehemu moja ya kumi, basi. Leo mtu anapima mtoto wa darasa la sita na simu halafu anatangaza 14.37 kwa kujiamini kabisa.

Mazoezini mambo ni tofauti kidogo, kwa sababu hapo hutafuti mshindi, unatafuta mabadiliko. Kitufe chenye faida kuliko vyote ni kile cha kukata raundi, kinachoonyesha muda wa mzunguko mmoja huku jumla ikiendelea kuhesabu. Chukua vijana wawili waliokimbia mita 1600, yaani raundi nne za mita 400. Wa kwanza kamaliza kwa 5:19, wa pili 5:20. Kwa jumla hiyo utasema wanalingana. Sasa soma raundi: wa pili kaenda 80, 80, 80, 80. Wa kwanza kaenda 68, 75, 84, 92. Huyo kaondoka kama anafukuzwa na mbwa, na raundi ya mwisho alikuwa anajikokota. Wanahitaji mazoezi tofauti kabisa, na bila kile kitufe usingejua. Kijana anayezoea kushika 80 bila kutazama saa yuko njiani kukimbia mita 5000 kwa 16:40.

Hesabu hizo zinadai uwanja uliopimwa. Duru nyingi za shule zilizochorwa kwa majivu hazifiki mita 400, kwa hiyo zunguka kwanza na futi kamba. Ikitokea ni mita 300, mwendo uleule wa 80 unakuwa sekunde 60 kwa raundi. Na muda wa mchangani, iwe Msimbati au ufukwe wa Shangani, usiuweke mezani pamoja na wa uwanja mgumu. Mchanga unakula nguvu. Muda utakuwa mbaya na mtu hajashuka kiwango.

Mapumziko nayo yapimwe. Ukisema sekunde 90 kisha ukaacha vijana wajihesabie, zitakuwa dakika tatu. Saa hiyohiyo inapima mapigo ya moyo: vidole viwili shingoni, hesabu kwa sekunde 10, zidisha kwa 6. Ukipata 20, moyo unapiga 120 kwa dakika, na makocha wengi hapo ndipo wanaporuhusu raundi nyingine. Kwa joto na unyevu wa pwani yetu mapigo yanachelewa kushuka, hasa ukiwatoa vijana saa nane mchana. Alfajiri au saa kumi na moja jioni utaona tofauti kwa watu walewale.

Wachezaji wa mpira hawana haja kubwa na raundi. Wao wapime mita 30 kwa kasi, au wageuze mambo: muda ubaki palepale, umbali ndio upimwe. Kipimo cha dakika 12 alichokitoa daktari Kenneth Cooper wa Marekani mwaka 1968 ndivyo kilivyo, na uzuri wake ni kwamba stopuwachi moja inatosha timu nzima.

Simu? Inafaa, kwatsi ni ileile. Shida ni kioo. Kidole chenye jasho kinateleza, na kwa kuwa hakuna kitufe cha kupapasa inabidi uinamie simu wakati ambao macho yalitakiwa yawe mstarini. Mimi ningenunua ile ya plastiki.

Na uwe na daftari, maana ukirudisha sifuri yaliyokuwamo yamekwenda. Andika tarehe, umbali, uwanja, muda wa kila raundi, na jina la aliyeshika saa. Hilo la mwisho wengi hulisahau. Mwezi huu ukipima wewe na mwezi ujao akapima mwenzako, kijana anaweza kuonekana ameongeza kasi kwa sekunde 0.2 wakati kilichobadilika ni kidole tu.