Mbao Mbichi na Ukavu wa Dodoma

Watu wengi wanaojitengenezea makabati ya jikoni hapa Dodoma wanaamini kwamba, kwa kuwa mkoa wetu ni mkavu, mbao iliyonunuliwa ikiwa bado mbichi itamalizia kukauka yenyewe baada ya kabati kufungwa ukutani, bila madhara yoyote. Imani hiyo ina chembe ya ukweli, kwani hewa ya hapa, hasa wakati wa kiangazi kuanzia Mei hadi Novemba, hukausha mbao haraka.

Hata hivyo, mbao inapopoteza unyevu husinyaa, na husinyaa katika upana wake, ilhali urefu haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Kwa hiyo mlango wa mbao pana iliyogundishwa pande zote kwenye fremu hupasuka au kupinda, kwa sababu mbao imezuiwa kujongea. Ugumu wa mti si kinga ya kutosha; hata mninga, ambao kwa kweli hutulia kuliko miti mingi, hukatwa ukiwa na maji.

Kupima ni rahisi, na sioni haja ya kifaa maalumu. Kata kipande kidogo katikati ya mbao, si kwenye ncha, ambayo hukauka mapema. Kipime kwa mizani ya jikoni, kiache ndani ya nyumba, kisha ukipime tena kila baada ya siku chache. Uzito ukiendelea kupungua, mbao haijawa tayari, nayo ipangwe kivulini, kila tabaka likitenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite.