Matunda ya Moto Baada ya Mlo: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

"Tunda likishapikwa halina faida tena." Hili nalisikia kuliko yote, na kwa kuwa lina chembe ya ukweli, halifi. Vitamini C kweli haistahimili joto, na huyeyuka kwenye maji. Lakini nyuzinyuzi zinabaki, potasiamu haiungui, na hata hiyo vitamini C haiishi yote. Hasara kubwa huja pale unapochemsha vipande kwenye maji tele kisha ukayamwaga. Dawa yake ni kutotia maji hayo tangu mwanzo. Kata matufaha mawili bila kuyamenya, maana nyuzinyuzi nyingi ziko kwenye ganda. Yaweke kwenye sufuria na vijiko vitatu vya maji, tia kipande cha mdalasini, funika, moto mdogo. Baada ya dakika 10 hivi vipande vitakuwa laini, vimeogelea kwenye majimaji vilivyoyatoa vyenyewe. Hayo majimaji ndiyo mchuzi wako, yanaliwa.

"Bila sukari ya kutosha hakitanoga." Ulimi huuhisi utamu zaidi chakula kikiwa na uvuguvugu kuliko kikiwa baridi. Ndiyo maana aiskrimu iliyoyeyuka huonekana tamu kupita kiasi, ingawa sukari ni ile ile. Tunda la uvuguvugu basi tayari limekusaidia. Chagua lililoiva: ndizi yenye madoa meusi, kwa mfano, wanga wake mwingi umeshageuka sukari. Ongeza chembe ya chumvi, utashangaa. Wengi hukosea kwa kuonja sufuria ikiwa bado inatokota, ulimi ukaungua, wakadhani utamu haupo, wakaongeza sukari. Epua, subiri dakika tano, ndipo uonje.

"Nikitia asali badala ya sukari sina neno." Hapa ndipo ninapobishana na watu. Shirika la Afya Duniani linaiweka asali kundi moja na sukari ya kuongezwa, na linashauri zote kwa pamoja zisifike asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa anayekula kalori 2,000 hizo ni gramu 50, na ikishuka chini ya 25 ni bora zaidi. Tena asali ni nzito: kijiko kikubwa kimoja kina kalori zipatazo 60, cha sukari hakifiki 50. Ipende kwa ladha yake, si kwa kujipa ruhusa.

Nikiri jambo moja upande wa sukari: husaidia vipande visivurugike. Ukiipunguza, tumia tunda ambalo bado ni gumu kidogo na ukamulie limau, kwa sababu ukali wake huchelewesha tunda kulainika. Limau hilo hilo huzuia vipande kuwa vya kahawia, ingawa rangi hiyo ni hewa tu iliyokutana na tunda lililokatwa, halijaharibika.

"Lazima uwe na oveni." Hapana. Sufuria yenye kitako kizito na mfuniko inatosha. Ila isiwe ya alumini tupu, kwani asidi ya matunda huimega na kuacha ladha ya chuma.

Na lile la nanasi na maziwa, kwamba ni sumu? Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachovunja protini, kwa hiyo maziwa hukatika na kuwa machungu. Hayanyweki vizuri, lakini hayaui mtu. Joto hukiua kimeng'enya hicho, kwa hiyo nanasi lililotokota hadi ndani ya vipande halina ugomvi na maziwa. Mtindi ndio wa kuangalia, kwa sababu nyingine kabisa: ukiutia sufuria ikiwa jikoni unakatika. Pakua kwanza, acha mvuke upungue, kisha weka kijiko kimoja juu.