Eti mupiga violoni wa klasiki akiingia muziki wa vijana amepotea? Tusemeane ukweli

Mimi napiga violoni kwenye korali ya parokia yetu hapa Goma, na tangu nianze kupiga pia na bande moja ya vijana wa Himbi, maneno nayasikia kila juma.

Ya kwanza njo hii: banasema mutu anaacha klasiki sababu ilimushinda. Apana kabisa. Jean-Luc Ponty, mupiga violoni Mufaransa aliyezaliwa 1942, baba mwalimu wa violoni, mama mwalimu wa piano, alimaliza konservatwari ya Paris mwaka 1960 na zawadi ya kwanza, akakaa miaka 3 kwenye orkestra ya Concerts Lamoureux, na wakati huohuo alikuwa anapiga jazi. Kisha akapiga na Frank Zappa, mupiga gitaa wa rock kule Marekani, na 1991 akatoa albamu Tchokola pamoja na wanamuziki wa Afrika Magharibi. Sasa huyo, klasiki ilimushinda wapi?

Ingine inaniuma zaidi: eti muziki wa kuchezesha watu ni rahisi. Siku yangu ya kwanza kwenye arusi, bande ikaingia sebene, ile sehemu ya wimbo ya kuchezesha watu, gitaa inazunguka palepale, partisyo (karatasi ya noti) hakuna, nami nimesimama na upinde mukononi sijui niingilie wapi, sababu miaka yote nilifundishwa kusoma noti na kuzitii, lakini hapa unatunga papo hapo, unasikiliza gitaa inaacha nafasi wapi, unaweka noti 3 tu, unanyamaza. Kunyamaza njo kulinichukua miezi mingi kujifunza. Na sauti je? Kwenye orkestra kubwa violoni nyingi zinapiga laini moja pamoja, huku uko peke yako na batri (ngoma za bande) nyuma, ukisogeza mikro karibu sono, ni kusema vyombo vya sauti, inapiga filimbi. Njo maana batu banapenda violoni ya umeme, mingi haina tumbo wazi kama ya kawaida, kwa hiyo haipigi filimbi ovyo.

Halafu banasema eh, ya umeme mashini njo inafanya kazi. Wapi! Shingo yake kwa kawaida haina vyuma vya kugawa noti kama ya gitaa, kidole kikikosa kidogo tu noti imeharibika, na spika inatangazia ukumbi muzima.

Kuhusu kwamba ukitoka haurudi tena: mupiga violoni David Garrett alisomea Juilliard, shule ya muziki ya New York, kwa Itzhak Perlman, mupiga violoni mukubwa wa klasiki, akajulikana kwa kupiga nyimbo za rock, na 2011 akatoa konserto ya Beethoven na Royal Philharmonic Orchestra. Nani alimufungia mulango?

Na kwa ile ya "violoni si ya Wakongomani" sitakawia, Orchestre Symphonique Kimbanguiste, orkestra ya klasiki, iko Kinshasa tangu 1994, Armand Diangienda njo aliianzisha.

Mimi sijaacha klasiki. Kila asubuhi, mbele pikipiki zianze kelele barabarani, napiga gamu zangu, mazoezi ya kupanda na kushuka noti, nusu saa, hata kama usiku tulirudi kwenye arusi saa nane.